Chungu cha Gilgali na Vyungu Vyetu

Somo: 2 Wafalme 4:38-41



Neno tunalolitafakari mwezi huu ni neno la jikoni. Wengi wetu tukifungua habari za nabii Elisha twapenda kusoma juu ya Naamani aliyetakaswa katika Yordani, au juu ya yule mwanamke wa Shunemu aliyerudishiwa mtoto wake hai. Chungu cha Gilgali twakipita upesi, kwa kuwa chaonekana kuwa jambo dogo. Walakini Roho Mtakatifu hakuliona kuwa dogo. Ameliweka katika Maandiko, ili sisi tuliokuja nyuma tupate kufundishwa.

Habari zenyewe ni hizi. Njaa ilikuwa katika nchi. Wanafunzi wa manabii waliketi mbele ya Elisha, naye akamwagiza mtumishi wake ateleke chungu kikubwa, awapikie. Mtu mmoja akatoka kwenda kondeni kutafuta mboga. Akaona mmea utambaao wa mwituni, akachuma matunda yake, akajaza nguo yake, akarudi, akayakatakata chunguni. Wala hapana aliyejua ni matunda gani. Walipoanza kula wakapiga kelele, wakamwambia mtu wa Mungu kwamba chakula kile ni cha kufisha, wakaacha kula. Elisha akaagiza unga, akautia chunguni, akaamuru watu wapakuliwe. Wakala, wala hawakuona dhara.

Katika habari hii nataka tuangalie mambo matatu: kwanza yule aliyechuma bila kujua, pili wale waliopaza sauti, tatu nabii ambaye hakukimwaga chungu. Nayo yote matatu nitayapeleka kwenye kitu kimoja kilichomo leo katika kila nyumba ya Mkristo, katika ya tajiri na ya maskini, yaani plastiki.

I. Aliyechuma hakujua

Yule mtu wa Gilgali hakuwa mwuaji. Alitoka kwa nia njema, akawahurumia wenzake wenye njaa, akafanya bidii, akarudi amejaza nguo yake. Lakini nia yake njema haikuyageuza yale matunda. Sumu haimwulizi mtu kama alikusudia.

Ndivyo ilivyo kwa plastiki. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alivumbua plastiki ya kwanza iliyofanywa yote kwa ufundi wa wanadamu. Watu wakafurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu. Kitu hiki ni chepesi, hakiozi, hakishiki kutu, na bei yake ni ndogo. Tusiseme kwa ulimi mmoja kwamba chote ni kibaya. Bomba la sindano litumikalo mara moja tu limewaokoa wengi wasiambukizwe ugonjwa wa mwenzao. Mama aliyekuwa akipanda mlima na mtungi wa udongo kichwani sasa achukua dumu jepesi, nalo likianguka halipasuki. Twamshukuru Mungu kwa hayo, maana katika kifungu cha kwanza cha Imani twakiri kwamba akili za mafundi nazo ni kipawa chake.

Lakini nguo ilijazwa upesi mno. Mwaka 1950 dunia nzima ilifanya plastiki kadiri ya tani milioni 2. Siku hizi hufanywa zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka. Asili yake karibu yote ni mafuta ya petroli na gesi zitokazo chini ya ardhi. Tena si kitu kimoja. Ili iwe laini hutiwa dawa hii, ili iwe ngumu hutiwa ile, na nyingine hutiwa ili iwe na rangi, au isiungue upesi, au isipasuke juani. Taarifa ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2024, kazi iliyoongozwa kutoka Norway, ilihesabu dawa zaidi ya 16,000 zitumikazo katika plastiki au zipatikanazo ndani yake. Zaidi ya 4,200 katika hizo zilionekana kuwa za hatari kwa watu au kwa viumbe vingine. Nyingi katika dawa hizi hazikufungamana na plastiki yenyewe. Zimechanganywa tu, kama chumvi katika unga. Kwa hiyo zaweza kutoka, na hutoka zaidi chombo kikipata moto, au kikitiwa mafuta, au kikizeeka na kukwaruzika.

Sikilizeni mfano mmoja wa kweli. Mji wa Louisville uko katika jimbo la Kentucky, nchi ya Marekani. Huko palikuwa na kiwanda cha kufanya ile plastiki iitwayo PVC, ambayo mabomba mengi ya maji hufanywa kwayo. Hutengenezwa kwa hewa moja iitwayo vinili kloridi, nayo hupikwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma. Baada ya kupika, utando mgumu hushika ubavuni mwa pipa, kama ukoko wa ugali ushikavyo sufuria. Basi wafanyakazi waliingia ndani ya pipa kwa miguu yao, wakaukwangua kwa mikono, wakivuta pumzi ya ile hewa. Walikuwa baba za watoto wakitafuta riziki. Hawakujua.

Kwanza vidole vyao vilidhurika. Mifupa ya ncha za vidole ilianza kuliwa na kupungua, na jambo hilo likaandikwa na madaktari katika miaka ya 1960. Kisha likaja neno zito kuliko hilo. Daktari John Creech, aliyewatibu watu wa kiwanda hicho, aliona kwamba wafanyakazi watatu walikuwa wamekufa kwa namna moja ya saratani ya ini ambayo ni haba kabisa, hata daktari aweza kumaliza kazi yake ya maisha asiione hata mara moja. Watatu, katika kiwanda kimoja! Mwezi wa Januari 1974 habari hiyo ikatangazwa.

Ndugu, pipa lile lilikuwa chungu, na mauti yalikuwamo.

II. Waliopaza sauti

Angalieni sasa wale waliokuwa wakila. Walionja, wakatambua, wakasema. Hawakuogopa kumwaibisha mpishi. Hawakunong'ona pembeni, kila mmoja akisukuma bakuli lake polepole huku akimwacha jirani aendelee kula. Hawakusema moyoni, Nabii ndiye aliyeagiza kupika, mimi ni nani? Walipaza sauti, na sauti ile iliokoa nyumba nzima.

Katika habari za Louisville walikuwako waliosema na walionyamaza. Daktari Creech alisema. Huko Italia mtaalamu Cesare Maltoni alikuwa amewavutisha panya ile hewa, akaona saratani ikitokea kwao, hata kwa kipimo kidogo kuliko kile kilichoruhusiwa viwandani. Lakini hati zilizofunuliwa baadaye zaonyesha kwamba wakuu wa viwanda, wa Ulaya na wa Marekani, walikuwa wamekwisha kupata habari za panya wale kabla ya mwaka 1974, nao walifungamana kuziweka siri. Wakati huo wote watu waliendelea kuingia mapipani. Nabii Ezekieli katika sura ya 33 afundisha juu ya mlinzi aonaye upanga unakuja asipige tarumbeta: Mungu ataitaka damu ya watu mkononi mwake. Neno hili ni la kutisha, wala halikuandikwa kwa ajili ya matajiri wa nchi za mbali tu.

Yanipasa sasa kuungama mbele yenu. Miaka michache iliyopita, katika sikukuu ya mavuno ya usharika niliokuwa nikiutumikia, akina mama walipika wali mwingi katika masufuria makubwa. Ulipokaribia kuiva waliufunika kwa nailoni zilizotoka kufungia bidhaa za dukani, wakaweka mkaa juu, ili mvuke usitoke. Binti mmoja wa kwaya akasema kwa adabu kwamba nailoni hizo hazikufanywa kwa chakula cha moto, naye yu tayari kwenda kukata majani ya mgomba. Mzee mmoja akacheka, akauliza tangu lini mtoto wa juzi awafundisha mama zake kupika. Watu wakacheka. Nami mchungaji nikacheka pamoja nao, nikaongeza neno nililodhani kuwa la imani. Nikasema, "Mwanangu, chakula hiki tutakiombea, hakitamdhuru mtu."

Yule binti akanyamaza. Nami nikasimama, nikaomba.

Hapana mtu aliyeugua siku ile, na kwa sababu hiyo nilijiona nimeshinda. Lakini baadaye, nilipokuwa nikiandaa somo hili hili la Gilgali, nilitambua nilivyofanya. Ibilisi alimchukua Bwana wetu juu ya mnara wa hekalu, akamtaka ajitupe chini kwa kutegemea ahadi ya Mungu. Bwana alikataa, akamjibu kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Mimi nilifanya lile alilolikataa Bwana wangu. Nilitumia sala kama kifuniko cha uvivu wetu, na kwa sala hiyo nilimfunga kinywa mtu aliyetaka kutulinda. Nikamwendea yule binti nyumbani kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Akaniambia, "Baba mchungaji, sikutaka kuonekana mjuaji. Nilimwona mama mjamzito anangoja sahani yake, nikamwonea huruma."

Basi alikuwa na huruma kuliko mimi, na ujuzi kuliko mimi. Na mimi ndiye niliyevaa kanzu.

Enyi wainjilisti na wazee wa kanisa, nimeyaandika haya ili msikawie kama mimi nilivyokawia. Mtoto, au mwanamke, au mgeni akisema ana shaka na chunguni, msimcheke. Msikilizeni kwanza.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo, na mwenye kupaza sauti yampasa aonje kwanza, kama wale walivyoonja. Mtakumbuka uvumi wa mchele wa plastiki uliozunguka Afrika. Mwezi wa Desemba 2016 maofisa wa forodha huko Nigeria walikamata magunia ya mchele, wakatangaza kuwa ni plastiki. Ulipopimwa ulionekana ni mchele hasa, ila ulikuwa na vijidudu vya uchafu kupita kiasi. Watu waliogopa kisichokuwapo, wasikiogope kilichokuwapo. Kwa hiyo nitawatajia yale yajulikanayo kwa yakini, kila neno kwa kipimo chake.

Iko dawa iitwayo bisfenoli A, itumikayo kufanyia plastiki ngumu yenye kung'aa kama kioo, na kupakia ndani ya makopo ya chakula. Mwaka 1936 huko London mtaalamu Charles Dodds alionyesha kwamba dawa hii mwilini yaiga kazi ya homoni ya kike. Hata hivyo baadaye ikatumiwa kufanyia chupa za kunyonyeshea watoto! Ilipita miaka mingi kabla ya wenye mamlaka kuamka. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza katika chupa za watoto mwaka 2011, na Marekani mwaka 2012. Mwaka 2023 wapimaji wa chakula wa Ulaya walishusha kipimo walichokihesabu kuwa salama mara 20,000 chini ya kile cha kwanza, na mwisho wa mwaka 2024 Umoja huo ukaamua kuikataza katika vyombo vya chakula kwa jumla, kwa kuacha nafasi chache na muda wa kubadili. Tazameni: kilichoitwa salama jana si salama leo.

Ziko dawa nyingine ziitwazo fathaleti, za kulainishia plastiki ngumu. Baadhi yake huvuruga homoni na nguvu za uzazi. Kwa sababu hiyo Ulaya na Marekani zimezizuia katika michezo ya watoto, maana mtoto hutia kila kitu kinywani.

Uko na moshi. Plastiki ya PVC ikiunguzwa katika moto wa kawaida hutoa dioksini, nayo ni sumu isiyoisha upesi. Huanguka juu ya udongo na majani, huliwa na kuku na ng'ombe, kisha huturudia katika yai na katika maziwa. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeitaja ile dioksini kali kuliko zote kuwa yaleta saratani kwa wanadamu, na mataifa yakaiweka katika Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 pamoja na sumu nyingine za kukomeshwa.

Tena kuna vumbi la plastiki, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Wataalamu wameziona katika kondo la nyuma la mama waliojifungua, na mwaka 2022 wa Uholanzi walitangaza kuziona katika damu ya watu. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walitoa habari za wagonjwa 257 waliotolewa mafuta yaliyoganda katika mishipa mikubwa ya shingo. Katika 150 miongoni mwao plastiki ilionekana ndani ya mafuta hayo, na hao walipatwa na mshtuko wa moyo, au kiharusi, au kifo, kadiri ya mara nne na nusu kuliko wenzao. Hapo bado haijathibitishwa kwamba plastiki ndiyo iliyoleta maradhi. Huenda ikawa kuna sababu nyingine iliyowakuta watu wale wale. Lakini mtu mwenye busara akisikia ngurumo haingoji mvua imloweshe ndipo aanue nguo.

III. Nabii hakukimwaga chungu

Elisha angaliweza kusema, Kimwageni, tulale na njaa. Hakusema hivyo, maana alijua kwamba nje kuna njaa. Wala hakumwita yule mchumaji ili amkemee mbele ya wote. Maandiko hayataji hata jina lake. Nabii aliuliza unga. Na tusidhani ya kwamba unga ulikuwa na nguvu ya kuondoa sumu. Bwana ndiye aliyeponya, lakini alipenda kuponya kwa mikono ya watu wanaoleta kile walicho nacho.

Sisi hatukuahidiwa mwujiza katika kila sufuria. Tumepewa Neno, na akili, na mikono. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther aliandika barua kwa wachungaji wa Breslau waliomwuliza kama Mkristo aweza kuukimbia ugonjwa wa kufisha. Huko afundisha kwamba ataomba Mungu amlinde, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na hatakwenda pasipo na haja ya kwenda, asije akamwambukiza mwingine kwa uzembe wake. Na wale wanaodharau dawa kwa kujisifia imani, Luther ahesabu kwamba wanamjaribu Mungu. Katika Katekisimo Ndogo pia, akiieleza amri ya tano, haishii kwenye kukataza kuua. Aongeza kwamba imetupasa kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Kwa hiyo amri ya tano imo jikoni mwetu.

Basi unga wetu ni upi? Nitasema kwa ufupi, ili katekista aweze kuyafundisha haya hata chini ya mwembe.

Chakula cha moto tusikifunike kwa nailoni, wala tusikitie katika mfuko wa plastiki au ndoo iliyokuwa ya rangi. Bibi zetu walifunika kwa jani la mgomba, na watu wa pwani wana kawa na ungo. Mfuniko wa sufuria upo. Uji wa mtoto na utiwe katika bakuli la udongo, au la bati la kaure, au la chuma, na chai katika kikombe cha namna hiyo.

Tusiwashe jiko la mkaa kwa plastiki. Najua yashika moto upesi, na mama anayeamka alfajiri ana haraka. Lakini mtoto aliyelala karibu na jiko huvuta moshi ule wote. Magunzi yapo, vifuu vipo, majani makavu yapo. Wala takataka za plastiki zisichomwe nyuma ya kanisa. Nimeona hata viwanja vya sharika zetu vikifuka moshi huo siku ya Jumamosi, watu wakijisifu kwamba wanaisafisha nyumba ya Mungu.

Dumu au chupa iliyokuwa na dawa ya mimea, au ya kuogeshea mifugo, isitiwe kamwe maji, wala maziwa, wala mafuta ya kula. Sumu hiyo haingoji miaka. Huua siku ile ile. Itobolewe, isipate kutumiwa tena na asiyejua. Ni matunda ya mwituni hasa, na aliyekwisha kuyajua hana tena udhuru wa yule mtu wa Gilgali.

Wenye maduka katikati yetu wasiuze kitu kilichokatazwa kwa kuwa faida yake ni nzuri. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mkristo aiheshimu sheria iliyo njema hata pasipo askari mlangoni.

Na wakubwa wa dunia je? Mwaka 2022 mataifa yalikutana Nairobi, yakaafikiana kuandika mapatano juu ya plastiki. Lakini mkutano wa Geneva wa Agosti 2025 uliisha bila kupatana. Tuwaombee, wala tusikate tamaa. Turudi Louisville tukaone mwisho wake. Kabla ya mwaka 1974 sheria ya Marekani iliruhusu sehemu 500 za ile hewa katika kila sehemu milioni moja. Mwezi wa Aprili mwaka ule ikashushwa hadi 50, kisha serikali ikaamuru isizidi sehemu 1, amri iliyoanza kushika mwaka 1975. Wenye viwanda walilia kwamba jambo hilo haliwezekani, viwanda vitafungwa na watu watakosa kazi. Lakini mafundi wakatafuta, wakafunga matundu yaliyovuja, wakabuni njia ya kuyaosha mapipa pasipo mtu kuingia kukwangua. Viwanda vikaendelea. Liliwezekana, ila hapana aliyelitaka mpaka watu walipokufa. Torati katika Kumbukumbu 22:8 yamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asianguke. Yaagiza ukingo kabla ya mtu kuanguka, si baadaye.

Wapendwa, huenda mtu mmoja akasoma haya na moyo wake ukaingiwa na hofu, akikumbuka chakula alichowapa watoto wake miaka yote. Kwake nasema, yule mchumaji wa Gilgali aliketi akala pamoja na wenzake chakula kilichoponywa. Hakufukuzwa mezani. Bwana wetu ndiye aliyekinywea kikombe ambacho sisi tulikichanganya kwa mikono yetu, akakinywa chote, ili atupe sisi kikombe cha baraka. Hukumu iliyokuwamo chunguni mwetu ameila yeye. Kwa hiyo twaweza kukiri makosa yetu bila kujificha, na kesho asubuhi tukawasha moto kwa magunzi.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, Baba yetu, uliyetupa mwili na roho, macho na masikio, twakushukuru kwa kila chakula. Utusamehe kwa yale tuliyoyafanya bila kujua, na zaidi kwa yale tuliyoyajua tukanyamaza. Uwafariji waliofiwa kwa kazi za viwanda. Uwape mafundi akili ya kubuni vilivyo salama, na watawala moyo wa kuwalinda wadogo. Uwafungue vinywa waliotiwa haya, na masikio yetu pia. Utuweke na watoto wetu, hata tuketi mezani pako katika ufalme wako. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amina.